Kutoka "Baridi" hadi "Barafuto": Waongozaji wa Kibo na Historia ya Istilahi za Barafu

Miaka michache iliyopita dawati letu la istilahi lililetewa karatasi ya maelekezo ya usalama, iliyokusudiwa watu wanaoongoza wageni katika Mlima Kilimanjaro, ili tuigeuze kwa Kiswahili. Kazi haikuwa ndefu. Kila palipotajwa yale mabonge makubwa ya barafu yaliyoko kileleni tuliandika "mito ya barafu", kama tulivyofundishwa katika somo la jiografia, na penye onyo tukaandika kwamba ni hatari kupumzika ukingoni mwa mto wa barafu. Karatasi ilipelekwa Marangu ili isomwe kwanza na wenyewe. Iliporudi ilikuwa na swali moja pembeni, limeandikwa kwa kalamu ya risasi: "Mto huu uko njia ipi, na huvukwa wapi?"

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Aliyeuliza alikuwa mtu aliyefika kilele cha Kibo mara nyingi kuliko sisi tulivyofika Moshi mjini. Ikiwa istilahi yetu haikumwonyesha kitu anachokitazama kila msimu kwa macho yake mwenyewe, basi kosa halikuwa lake. Tangu siku ile tumekuwa tukifuatilia, kadiri nafasi ilivyoruhusu, jinsi barafu ya Kilimanjaro ilivyotajwa kwa Kiswahili tangu habari zake zilipoanza kuandikwa, na hasa nafasi waliyokuwa nayo waongozaji katika kuitaja. Katika makala haya tunakusudia kuwaeleza wasomaji yale tuliyoyapata.

Neno la kwanza

Habari za weupe ulioko juu ya Kilimanjaro ziliingia katika maandishi ya Ulaya kwa safari ya Johannes Rebmann, Mjerumani aliyekuwa akitumikia chama cha misioni cha Waingereza huko Rabai, karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchaggani, aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Aliyeongoza msafara wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili wa Mombasa na mzoefu wa njia za bara. Rebmann alipotaka kujua ule weupe ni kitu gani, mwongozaji wake aliutaja kwa neno moja tu: baridi.

Rebmann aliliandika jibu hilo katika shajara yake, kisha akaongeza kwa upande wake kwamba bila shaka yoyote ile ilikuwa theluji. Tangu hapo kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na katika masimulizi mengi Rebmann ndiye aliyejua, na Bwana Kheri ni mtu aliyetazama jambo asilolifahamu. Sisi hatulioni hivyo. Mtu wa Mombasa hakuwa na sababu ya kuwa na jina la kitu kisichopata kuiangukia pwani yake. Alichokuwa nacho ni habari ya kile ambacho kitu hicho humfanyia binadamu. Yeye hakutaja umbile la kitu, alitaja athari yake, na kwa kiongozi wa msafara ambaye dhamana yake ni kurudi nyumbani na watu wote alioondoka nao, athari ndiyo iliyokuwa na maana.

Tena onyo lake lilikuwa na msingi. Katika safari ya pili, iliyomfikisha Machame, Rebmann alisimuliwa kwamba hapo zamani Mangi Rengua alituma watu wapande mlimani wakachunguze weupe ule, na kwamba waliangamia, akasalimika mmoja ambaye mikono na miguu yake iliharibiwa na baridi. Wenyeji walimweleza pia kuwa kitu kile kikiteremshwa hugeuka maji. Maana yake ni kwamba uchunguzi ulikwisha kufanyika kabla mgeni yeyote hajafika, na gharama yake ilikwisha kulipwa. Huko London, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakupata kuitembelea nchi hii, alibisha kwa ukali kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Mabishano hayo yaliendelea miaka mingi. Von der Decken alikwenda mlimani mwaka 1861, akarudi tena mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten wakafika juu ya mita 4,000. Na mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alipata kuishika theluji kwa mkono wake, baada ya kuruhusiwa kupita na Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara.

Hapa yafaa tuyatazame maneno mawili ambayo leo twayatumia kana kwamba yamekuwako daima. "Barafu" asili yake ni Kiajemi, na katika Kiajemi maana yake ni theluji. "Theluji" asili yake ni Kiarabu, na katika mazungumzo ya Waarabu wengi neno hilo hubeba theluji na barafu pamoja. Tulipokea, basi, maneno mawili yaliyokaribiana sana maana, na Kiswahili chenyewe, pasipo kamati wala semina, kikayagawia kazi: theluji ikawa ile iangukayo kutoka mawinguni kama unga, na barafu ikawa maji yaliyoganda yakawa magumu. Twaona hili ni jambo la kupendeza, kwa sababu mgawanyo huo umefanywa na watu ambao wengi wao hawakupata kukiona hata kimoja kati ya vitu hivyo. Kwa mtoto wa Dar es Salaam barafu ni kitu kitamu, chenye rangi ya ubuyu, kinachouzwa katika kifuko cha nailoni. Huyo naye ataifikia istilahi ya jiografia akiwa darasani, na mwalimu wake atakuwa na kazi.

Kirongozi na mtalii

Katika misafara ya karne ya 19 aliyetangulia mbele na kuijua njia aliitwa kirongozi. Alikuwako pia mnyapara, aliyewasimamia watu, na wapagazi, waliochukua mizigo. Neno kirongozi ndilo lililotupatia "kiongozi", nalo limepanda cheo likahamia ofisini na katika siasa, hata leo ukisema umekutana na kiongozi mlimani msikilizaji atadhani ni mkuu wa wilaya. Kwa ajili hiyo imebidi kazi ile ya kale itafutiwe jina jipya, na tumepata "mwongozaji", au kwa urefu "mwongoza watalii". Wako wanaopendelea kulitohoa neno la Kiingereza. Tunawaomba walitamke polepole kwa sauti za Kiswahili, kisha waseme kama mgeni angefurahi kukabidhiwa kwa gaidi.

"Mtalii" nalo lina historia. Kitenzi "kutalii" kimetokana na Kiarabu, na maana yake ya awali ilikuwa kuchungua, kupitia jambo kwa makini, kama mtu apitiavyo kitabu. Baadaye ndipo lilipokuja kutumika kwa mtu anayesafiri kujionea nchi za watu. Kwa hiyo wanaoona kuwa mtalii na mvumbuzi ni watu wawili tofauti kabisa wangepata shida kulithibitisha jambo hilo kwa Kiswahili, na kwa hakika historia ya Kibo haiwasaidii. Wale waitwao wavumbuzi wa mlima huu walipanda wakiongozwa, wakibebewa mizigo na kupikiwa, kama wanavyopanda watalii wa leo.

Hans Meyer, wa Leipzig, alijaribu mwaka 1887 akazuiwa na ukuta wa barafu. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mpandaji milima kutoka Austria, akapokewa Marangu na Mangi Marealle. Mtu aliyekaa kambini pamoja nao katika sehemu za juu, siku nyingi katika baridi kali, alikuwa Mwini Amani wa Pangani. Wazungu hao wawili waliipanda barafu ya upande wa kusini-mashariki kwa kuchonga vidato kwa shoka, kidato baada ya kidato, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama juu ya kilele ambacho Meyer alikipa jina la mfalme wake, na ambacho tangu mwaka 1961 chaitwa Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895.

Wenyeji wa Marangu wanasimulia kuwa Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996 akiwa mzee sana, ndiye aliyewaonyesha njia. Kitabu cha Meyer hakimtaji kuwa alifika kileleni, na wanahistoria hawajakubaliana juu ya sehemu aliyoshiriki. Lisilobishaniwa ni kuwa Lauwo aliifanya kazi ya uongozaji kwa miaka mingi ya maisha yake, na kwamba katika ukoo wake na katika koo nyingine za Marangu kazi hiyo ilirithishwa kama ufundi mwingine wowote.

Meyer na waliomfuata walikuwa watu wa kuandika ramani, na ramani haipendi mahali pasipo na jina. Barafu aliyoichonga Meyer aliiita kwa jina la Friedrich Ratzel, mwanajiografia wa Leipzig. Nyingine zikaitwa Penck, Credner, Drygalski, Heim, Kersten, Decken, Uhlig na Rebmann. Hao walikuwa maprofesa na wasafiri, na baadhi yao hawakupata kuuona mlima wenyewe. Iliyoko ndani ya kasoko ilipewa jina la Walter Furtwängler, aliyefika huko mwaka 1912 na mwenzake Siegfried König. Ndugu yake Furtwängler huyu ndiye aliyekuja kuwa mashuhuri kwa kuongoza okestra. Katika orodha hiyo yote hamna Bwana Kheri, wala Mwini Amani, wala Lauwo.

Vibanda vya njia ya Marangu navyo vilipewa majina ya Wajerumani, Bismarck na Peters, lakini hivyo vilikwisha kubadilishwa vikaitwa Mandara na Horombo, kwa kuwakumbuka Mamangi wa Uchaggani. Barafu hazikuguswa. Tumeulizwa zaidi ya mara moja kwa nini nazo zisibadilishwe majina. Maoni yetu ni kwamba kibanda kitaendelea kulala watu, na jina lake jipya litazoeleka. Ama kuibatiza upya barafu ambayo huenda isiwepo wajukuu wetu watakapoanza shule ni kazi iliyochelewa. Ratzel na Penck wabaki katika ramani zao. Tunalolidai sisi ni jambo jingine, nalo si majina ya pekee bali majina ya kawaida: mtu aitaje vipi barafu yenyewe, na sehemu zake, na namna inavyokwenda na kufa.

Istilahi zilizookotwa malishoni

Tulipoanza kulichunguza jambo hili tulidhani kuwa istilahi za Ulaya juu ya barafu zilibuniwa na maprofesa, kwa Kilatini na Kigiriki, kama zilivyobuniwa istilahi nyingi za utabibu. Tulikosea. Sehemu kubwa ya maneno hayo yalitoka vinywani mwa wachungaji, wawindaji na waongozaji wa vijiji vya milima ya Alpi.

Lile neno lenyewe la Kifaransa litajalo bonge la barafu liendalo lilitoka katika lahaja za Savoy na Valais kabla halijafika Paris. Neno "moraine", kwa maana ya tuta la mawe na udongo lililosukumwa na barafu, lilikuwa la wakulima wa Savoy. Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alilisikia kwao akalitia katika kitabu chake cha mwaka 1779, na leo walimu wetu huandika "moreni". Mnara wa barafu unaosimama penye mpasuko, tayari kuanguka, uliitwa "sérac", ambalo ni jina la jibini nyeupe ya huko, kwa kuwa jibini hiyo ikikatwa huvunjika katika mapande yanayofanana na minara hiyo. Profesa hangefikiria jibini. Mtu aliyeitengeneza jibini asubuhi akapita chini ya barafu mchana ndiye aliyefikiria.

Si maneno tu yaliyotoka kwao, hata elimu. Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa Valais, aliona katika miamba ya bonde lake mikwaruzo ambayo kwa maoni yake haikuweza kufanywa na kitu kingine ila barafu, nayo ilikuwa mbali sana na mahali barafu ilipoishia wakati wake. Mnamo mwaka 1815 alimweleza Jean de Charpentier, ambaye hakuamini. Baadaye akamweleza mhandisi Ignaz Venetz, naye taratibu akaamini, akamgeuza Charpentier, na Charpentier akamgeuza Louis Agassiz. Na Agassiz ndiye aliyesimama mwaka 1837 mbele ya wasomi wa Uswisi kutangaza kwamba zamani barafu ilifunika nchi kubwa mno. Mwenye kusoma vitabu vya shule hukutana na Agassiz. Perraudin hukutana naye kwa nadra.

Hapa tueleze pia kwa nini Wazungu waliifananisha barafu na mto, maana mfano huo ndio uliotutia sisi katika aibu. Mwaka 1820 msafara ulioongozwa na watu wa Chamonix kupanda Mont Blanc ulipatwa na maporomoko ya theluji, na waongozaji watatu wakatumbukia katika ufa wa barafu wasionekane tena. Msiba huo ndio uliowafanya waongozaji wa Chamonix wajiunge katika chama chao mwaka 1821. Mwaka 1861 mabaki ya waliopotea yalianza kutokeza chini kabisa, mwishoni mwa barafu iitwayo Bossons. Kwa muda wa miaka 41 barafu ilikuwa ikiwachukua polepole na kuwateremsha bondeni. Mmoja wa walionusurika siku ile ya 1820 alikuwa bado hai, naye alivitambua vitu vya wenzake. Kwa watu wa Chamonix, kusema kwamba barafu hutiririka kama mto hakukuwa tamathali ya usemi.

Mto usiotiririka

Sasa turudi Kibo. Istilahi iliyokubalika katika jiografia ya Kiswahili ni "barafuto". Ni neno lililoundwa kwa kuunganisha "barafu" na "mto" na kuacha silabi moja, na kwa upande wa uundaji ni neno zuri: ni fupi, latamkika, na halina sauti ngeni. Tunalipendekeza liendelee kutumika kuwa jina la jumla. Lakini mto umo ndani yake, na mwongozaji wetu wa Marangu angekuwa na haki ya kuuliza swali lake tena.

Kwa maana barafu za Kibo ni za aina mbili. Zile za mteremkoni, kama ya Kersten na ya Heim, zimening'inia kwenye miteremko mikali, na mfano wa mto unazifaa kwa kiasi fulani. Zile za juu, katika uwanda wa kasoko, kama ya Furtwängler na ile kubwa ya upande wa kaskazini, zimekaa mahali palipo sawasawa, na karibu hazisogei. Kingo zake zimesimama wima kama kuta za nyumba, nyingine urefu wa makumi ya mita. Tulipomtafuta yule aliyetuandikia kwa kalamu ya risasi, tukamwuliza wao huziitaje, alijibu pasipo kufikiri: "Ukuta." Wakati wa kumwonya mgeni husema, usiegemee ukutani. Hatukuwa na la kuongeza.

Namna barafu hiyo inavyopungua nayo yamtia mfasiri mashakani. Magazeti yetu huandika kuwa barafu ya Kilimanjaro "inayeyuka". Kwenye kimo kile, ambako hewa ni kavu na jua ni kali na joto mara nyingi huwa chini ya sifuri, sehemu kubwa ya barafu haigeuki maji kwanza. Hugeuka mvuke moja kwa moja, ikatoweka hewani. Mtu anaweza kusimama chini ya ukuta unaopungua kila siku asione kijito. Kitenzi "kuyeyuka" humfanya msomaji atarajie maji, na ndipo watu wa vijijini wanapouliza mbona mito yao haikujaa ikiwa barafu yaisha. Kwa sasa tunashauri waandishi waseme barafu "inapungua" au "inatoweka", na waliache neno "kuyeyuka" kwa mahali ambapo maji yapo kweli.

Kupungua kwenyewe kumepimwa. Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler waliuchora mlima mwaka 1912, na kutokana na ramani yao barafu yote ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya mbili. Wataalamu wanaeleza kuwa ukame ulioanza mnamo miaka ya 1880 ulipunguza theluji iliyokuwa ikiilisha na kuing'arisha barafu, na kwamba joto la dunia limeongeza madhara. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu hiyo wakatoa vipande virefu vya kuchunguza, na kile cha kale zaidi wakakikadiria kuwa na umri wa miaka 11,700. Walitabiri kuwa barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikwisha yote, ila utabiri haukufutika, uliahirishwa: mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za Kilimanjaro na za Mlima Kenya zitatoweka ifikapo 2050.

Njia aliyoipanda Meyer kwa shoka haipo. Mgeni wa njia ya Marangu leo huamshwa kabla ya usiku wa manane, hupanda gizani huku kokoto zikiwa zimegandishwa na baridi hazitelezi sana, na hufika Ncha ya Gillman alfajiri bila kukanyaga barafuto hata moja. Huitazama tu kwa mbali, jua linapochomoza, akielekea Uhuru. Wanaoigusa ni wachache wanaoingia katika kasoko na mwongozaji.

Lakini barafu inayorudi nyuma huacha hatari ambayo barafu nzima haikuwa nayo. Mwezi Januari 1806 au 1906 jiwe lililoko chini ya barafu ya Arrow, upande wa magharibi, lingekuwa limeshikwa kama tofali katika saruji. Mwezi Januari 2006 mawe ya upande huo yaliporomoka yakawaua wapandaji watatu Wamarekani, na ilielezwa kuwa kurudi nyuma kwa barafu ndiko kulikoyaachia. Njia ilifungwa kwa muda. Hapo ndipo istilahi inapoacha kuwa mazungumzo ya ofisini. Mwongozaji anahitaji neno la jiwe lililoshikwa na barafu, na neno jingine la jiwe lililoachwa na barafu, na anahitaji wapagazi wake, ambao mlimani huitwa "wagumu", walielewe mara moja bila maelezo. Sisi mezani hatuna maneno hayo. Kama yapo, yako kwao, kwa Kiswahili au kwa Kichagga cha Vunjo, cha Machame au cha Rombo.

Tunasema "kama yapo" kwa tahadhari, ila mfano wa jirani unatutia moyo. Mwaka 1899 Halford Mackinder alipopanda Mlima Kenya alileta waongozaji wawili kutoka Courmayeur, César Ollier na Joseph Brocherel, na ndio hao hao waliorudi mwaka 1906 na Mtawala wa Abruzzi kupanda Rwenzori. Walikuja na misamiati yao tangu Alpi. Hata hivyo Wakonzo, ambao wameishi chini ya Rwenzori na kuwapandisha wageni kwa vizazi kadhaa, walikuwa na neno lao la theluji, nzururu, nalo lina nguvu kiasi kwamba nchi na ufalme wao huitwa Rwenzururu. Hakuna aliyewaambia kuwa theluji haiwezi kuwako ikweta.

Kwa hiyo tumeanza kukusanya. Utaratibu wetu ni mnyonge: daftari, siku chache kila msimu wageni wanapopungua, na mazungumzo na waongozaji, wapishi na wapagazi, hasa waliostaafu. Hatuwapi orodha ya Kiingereza watafute visawe. Tunawapa picha za mlima, za kale na za sasa, tunawaomba watueleze wanachokiona na wanachowaambia vijana wanaojifunza kazi. Walimu wa shule za Marangu, Machame na Rombo wanaoweza kutusaidia kuwahoji wazee wa kwao watakuwa wamefanya kazi ambayo sisi hatuwezi kuifanya kwa barua. Maneno yatakayopatikana yatapelekwa katika kamati kama yalivyo, pamoja na jina la mahali yalikosikiwa, hata yale yatakayoonekana ya kienyeji mno.

Ile karatasi ya maelekezo tuliirekebisha. Mahali pa "mito ya barafu" sasa pamesomeka "barafuto", na penye onyo tumeandika "ukuta wa barafu", na kwamba mtu asipumzike chini yake wala asiuegemee. Ilirudi kutoka Marangu safari hii haina swali, ila pembeni, kwa kalamu ile ile ya risasi, tumeongezewa jambo tulilolisahau. Katika njia ya Machame iko kambi iitwayo Barafu, na huko, tumeandikiwa, pana mawe, upepo na mahema tu. Wageni wanaofika jioni huuliza barafu iko wapi, na karatasi haikumwambia mwongozaji ajibu nini. Wao huwaonyesha juu, kushoto kwa njia, mahali inapoonekana barafuto ya Rebmann mawingu yakifunguka.